Gia za taimingi za Ford Model A: kuzitoa, kuzipima na kuzifunga upya

Model A ikizimika ghafla barabarani, bila kukohoa wala kuishiwa nguvu kwanza, usikimbilie kabureta. Vua kifuniko cha distribyuta (kinachogawa umeme kwa plagi), mwambie mwenzako azungushe injini kwa handeli polepole huku wewe unaangalia rota. Injini inazunguka na rota imetulia tuli? Basi kamshafti (shafti inayofungua valvu) haizunguki, au shafti fupi inayopeleka mzunguko juu kwenye distribyuta imekatika. Kujua ni ipi kati ya hizo mbili, fungua pini ya taimingi iliyo mbele kwenye kifuniko cha gia na umulike tochi kwenye tundu lake. Gia kubwa ya kamshafti ikionekana inatembea, tatizo liko juu. Ikiwa imesimama wakati krenki (shafti kuu inayosukumwa na pistoni) inazunguka, meno yake yameliwa.

Handeli nayo inatoa dalili. Kamshafti ikisimama, kila valvu inabaki pale ilipoachwa, kwa hiyo kuna silinda zitakazobana kila mzunguko na nyingine hazitabana kamwe. Mkono uliozoea injini hii unaligundua hilo mara moja.

Nafuu yake ni kwamba gia kukatika hakuharibu valvu wala pistoni. Hii ni injini ya valvu za ubavuni: valvu ziko ndani ya bloku pembeni mwa silinda, hazisimami juu ya pistoni, kwa hiyo hata kamshafti ikisimama hakuna kinachogongana. Ukisikia fundi anasema lazima hedi ifunguliwe kuangalia valvu zilizopinda, huyo anafikiria injini nyingine.

Ford walitengeneza zaidi ya magari milioni 4 ya aina hii kuanzia mwishoni mwa 1927, yenye injini ya silinda nne, lita 3.3, nguvu za farasi 40. Kwa sababu ya wingi huo, gia mpya bado zinatengenezwa Marekani na kusafirishwa popote. Swali ni ununue ipi, na hapo watu wengi wanakosea kabla hata ya kushika spana.

Gia ndogo ya krenki ni ya chuma. Gia kubwa ya kamshafti, yenye meno mara mbili ya ile ndogo, kiwandani ilikuwa ya faiba, yaani tabaka za kitambaa zilizobanwa pamoja kwa resini. Ford hawakufanya hivyo kwa ubahili. Meno yote ni ya mshazari, na chuma kwa chuma kwenye kasi hiyo hulia. Faiba ni kimya. Leo zinauzwa pia za aluminiamu na za chuma, na wauzaji husema hizo ni za maisha. Ni imara zaidi, kweli, lakini zinataka mwanya sahihi zaidi kati ya meno, zina sauti, na hazikusaidii chochote kama kilichokata gia ya kwanza bado kimo ndani ya injini. Kwa gari la kawaida la barabarani mimi nachagua faiba iliyo mpya kweli, siyo ile iliyokaa rafuni miaka 40 ikakauka. Kwa gari lenye injini iliyoongezwa nguvu, aluminiamu ina maana.

Usiende kwa mchonga vyuma na gia iliyoliwa kama sampuli. Pembe ya mshazari ikipotea kidogo tu, meno yatagusana kwenye kona badala ya upana mzima, na gia haitamaliza hata tanki moja la petroli.

Nunua gia mbili kwa pamoja, ya krenki na ya kamshafti, kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Meno ya chuma yaliyochakaa yana ncha kali ukingoni na hukwangua faiba mpya kama tupa. Tena, gia kubwa huuzwa kwa saizi: ya kawaida, na zilizozidi kwa inchi 0.003 hadi 0.006. Utajua unahitaji ipi baada ya kupima tu, nami nitafika huko.

Kabla ya kuagiza chochote, tafuta sababu. Faiba huzeeka na kukauka, hiyo ni kweli, lakini mara nyingi kuna kingine. Pampu ya oili inaendeshwa na kamshafti, na distribyuta vilevile. Kimojawapo kikishika, mzigo wote unaishia kwenye meno ya faiba. Kuwasha injini huku leva ya moto (inayowahisha au kuchelewesha cheche) kwenye usukani imeshushwa chini ni sababu nyingine: cheche inakuja mapema mno, pistoni inarudishwa nyuma, na pigo hilo linapita kwenye gia. Pigo hilohilo ndilo linalovunja mkono wa mtu anayezungusha handeli. Halafu kuna bearingi kuu. Kwenye injini hii bearingi hizo ni za metali nyeupe laini (babbitt) iliyomiminwa. Zikilika, krenki inashuka, inajitenga na kamshafti, na meno yanakutana kwa ncha zake tu. Gia mpya juu ya bearingi zilizokwisha ni pesa iliyotupwa.

Sasa kazi yenyewe. Hakikisha una spana za inchi. Bolti za gari hili ni za inchi, na spana ya milimita 13 kwenye kichwa cha nusu inchi inaonekana kama inakaa, hadi utakapoweka nguvu na kona zote za kichwa zikalainika.

Chomoa betri, funga koki ya petroli chini ya dashibodi, mwaga maji (yanafika kama lita 11) na oili. Ondoa boneti, vyuma vya kushikilia rejeta, mipira yake, kisha rejeta pamoja na ganda lake. Hapo feni inakuwa wazi mbele yako, nayo itazame vizuri. Feni za asili zenye mapanga mawili hupata nyufa karibu na kitovu, na zikipasuka kwenye mwendo panga linatoboa rejeta au boneti. Ifute kwa petroli, ipitishe kwenye mwanga. Ikiwa na ufa, usiirudishe hata kwa kuchomelea.

Legeza dainamo, toa mkanda. Dainamo imeshikwa na kifuniko cha ubavuni cha gia, nacho kitatoka. Masikio ya kifuniko hicho ni ya chuma cha kumimina na huvunjika ovyo, hivyo usiitumie dainamo kama mtaimbo.

Puli ya krenki imeshikwa na ile nati yenye meno ambayo handeli huingia. Weka gia ya juu, vuta breki ya mkono, ifungue kinyume cha saa. Tatizo linalofuata ni kwamba mwamba wa fremu wa mbele unazuia puli isitoke. Lazima injini inyanyuliwe. Chini ya pua ya injini kuna nira iliyokaa juu ya springi, na chini yake nati yenye pini. Toa pini, fungua nati, weka jeki chini ya sampu (beseni la oili chini ya injini) ukitanguliza kipande kipana cha ubao, unyanyue hadi puli ipite juu ya fremu. Angalia nyuma unaponyanyua: fito za kabureta na za leva ya moto, na bomba la ekzosi, havitakiwi kuvutwa. Puli itoe kwa kuisukuma kwenye kitovu kutoka nyuma. Ukivuta ukingo wake utaupinda na mkanda hautakimbia sawa tena.

Kama gia imeliwa, kushusha sampu si hiari. Makombo ya faiba yote yamo humo, na mengine yamenasa kwenye chujio la pampu. Injini hii haina presha kubwa ya oili: pampu hupandisha oili hadi chemba ya valvu, kisha inashuka kwa uzito wake kwenda kwenye bearingi kuu. Kipande kidogo cha faiba kikikaa kwenye njia hiyo, bearingi inakauka. Ukishusha sampu uwe umeweka mkono tayari, maana pampu imeshikiliwa na springi inayoegemea sampu, nayo itakufuata chini. Osha sampu, trei yake na chujio kwa mafuta ya taa mpaka kitambaa cheupe kitoke safi. Zungusha pampu kwa vidole. Ikikwama popote, umeshapata mkosaji.

Fungua bolti za kifuniko cha ubavuni na cha mbele. Ndani ya kifuniko cha mbele kuna kijipini kinene na springi, kinachosukuma pua ya kamshafti. Kikidondoka kwenye mchanga wa gereji utakitafuta siku nzima, basi vua kifuniko polepole huku umekiziba kwa kidole. Kazi yake ni kubwa: kwa kuwa meno ni ya mshazari, kamshafti kila wakati inataka kutembea mbele na nyuma, na kijipini hicho ndicho kinaituliza. Springi iliyochoka huleta mlio wa kugonga unaofanana kabisa na wa gia mbovu. Weka springi mpya bila kujiuliza.

Kabla hujatoa gia za zamani, kama bado zina meno, zipime. Ingiza fila geji (kibati chembamba cha kupimia mwanya) kati ya meno yanayokutana, upande usiobeba mzigo, au ukiwa na geji ya saa iegemeze kwenye jino la gia kubwa na uichezeshe huku krenki imeshikwa. Pima sehemu nne tofauti kwa kuzungusha injini robo mzunguko wa gia kubwa kila mara. Unachotaka ni mwanya wa kati ya inchi 0.003 na 0.005, yaani milimita 0.08 hadi 0.13. Kipimo kikibadilika sana kutoka sehemu moja hadi nyingine, ama gia si duara sawasawa, ama kamshafti imepinda.

Gia ya kamshafti imeshikwa na nati kubwa bapa. Kwa gia ya zamani utakayoitupa, tumia nguvu yoyote inayofaa. Ikishafunguka, gia inachomoka kwenye vijiti viwili vilivyopandwa usoni mwa kamshafti. Usigonge kamshafti kwa nyundo kuisukuma nyuma. Na uwe tayari: gia ikitoka, springi za valvu zinaweza kuizungusha kamshafti yenyewe ghafla, kwa hiyo vidole visiwe karibu.

Gia ya krenki inahitaji pula, kifaa chenye kucha cha kuchomolea gia. Mbele yake kuna sahani ya kurusha oili, kumbuka imetazama upande gani kabla ya kuitoa. Kucha za pula zikae nyuma ya gia, siyo kwenye meno, na kwenye tundu la krenki weka kipande cha shaba ili usiharibu nyuzi za ile nati ya handeli. Ikigoma, pasha gia moto, usiongeze nyundo. Kii ya nusu mwezi (kipande cha chuma kinachozuia gia isiteleze kwenye krenki) ikiwa imekatwa au ina mchezo kwenye mfereji wake, badilisha. Kii yenye mchezo hufanya taimingi yote ihame kidogo kila unapoondoa mguu kwenye petroli.

Gia mpya ya krenki ichemshe kwenye mafuta au iweke kwenye oveni, halafu isukume kwa haraka juu ya krenki ikiwa alama yake inatazama mbele. Ikishapoa tayari ni imara. Sahani ya oili ifuate.

Ndipo alama. Gia ndogo ina jino lenye nukta, na gia kubwa ina nafasi iliyowekewa alama. Jino liingie kwenye nafasi hiyo na si pengine. Zungusha kamshafti kwa mkono hadi vijiti vielekee kwenye matundu ya gia, kisha krenki ifuate. Meno ni ya mshazari, basi gia inajizungusha kidogo inapoingia. Ianze ukiwa umeiweka nyuma kiasi, la sivyo ikifika mwisho utakuta alama zimepishana kwa jino moja. Jino moja ni zaidi ya digrii 10 za krenki. Injini itawaka, na hicho ndicho kinachodanganya watu: inawaka, lakini ni dhaifu mlimani, inachemsha, na hakuna marekebisho ya distribyuta yatakayoiponya.

Nati ikaze kwa spana ndefu na kwa mkono, taratibu. Kuzuia isizunguke, weka ngozi laini iliyokunjwa kati ya meno ya gia mbili. Bisibisi iliyokabwa kati ya meno ya faiba imeua gia nyingi kabla hazijafanya kazi hata dakika moja.

Sasa pima tena mwanya, sehemu nne zilezile. Hapa ndipo unapoamua saizi. Ukipata inchi 0.008 na gia ya kawaida, gia iliyozidi kwa 0.004 inakurudisha ndani. Ikiwa mwanya haupo kabisa na fila ya inchi 0.002 haipiti, usijidanganye kwamba itajitengenezea nafasi. Gia iliyobanwa hulia kama king'ora, hupata moto na kukatika. Rudisha gia, chukua saizi ndogo. Baada ya kupima, zungusha krenki mizunguko miwili kamili kwa mkono. Alama zinapaswa kukutana tena palepale. Kaza macho kwenye njia yote hiyo, usikie kama kuna sehemu ngumu.

Kufunga kifuniko ni kazi ya kuzuia oili. Kamba ya kuzuia oili mbele ina nusu mbili, moja kwenye kifuniko na nyingine kwenye sampu. Iloweke kwenye oili, ibane kwenye mfereji wake kwa mpini wa nyundo ulio laini, ikate ikibaki imechomoza kidogo sana juu ya ukingo ili nusu hizo zikikutana zibane. Paka grisi gasketi, weka kijipini na springi yake, inua kifuniko, na ingiza bolti zote kwa vidole tu. Sukuma puli mahali pake ili ikiweke kifuniko katikati ya krenki. Ukingo wa chini wa kifuniko uwe sawa kabisa na ukingo wa bloku, upitishe rula. Ukizidi au kupungua, gasketi ya sampu haitaziba hata ukiijaza silikoni. Ndipo ukaze. Kisha sampu, na pampu ndani yake na springi yake, mwisho kabisa nati ya handeli. Shusha injini, funga nira, rudisha pini ya nati yake.

Taimingi ya moto inafuata, na Ford waliirahisisha sana. Chomoa pini ya taimingi, igeuze ili ncha ndefu ya duara iingie ndani, isukume kwa kidole huku mwenzako anazungusha handeli polepole. Anza plagi ya silinda ya 1 ikiwa imetolewa na dole gumba juu ya tundu. Ukisikia upepo unasukuma, punguza mwendo. Pini itazama kwenye kishimo kilicho usoni mwa gia, na hapo pistoni ya 1 iko kileleni mwa mpigo wa kubana. Usitumie starta pini ikiwa ndani hata kwa sekunde. Inakata mfereji usoni mwa gia mpya, au inaivunja.

Leva ya moto kwenye usukani iwe juu kabisa. Mwanya wa platini (ncha mbili zinazokata umeme ndani ya distribyuta) uwe inchi 0.020, kama nusu milimita. Legeza skurubu ya kamu ndogo iliyo katikati ya distribyuta, elekeza rota kwenye nguzo ya silinda ya 1. Rota hii inazunguka kinyume cha saa, basi irudishe kidogo kufuata saa kuondoa mchezo wote wa gia, halafu rekebisha kamu mpaka platini zianze tu kuachana. Karatasi nyembamba kama ya sigara iliyobanwa kati yake ikianza kuteleza, ndipo penyewe. Kaza skurubu, hakiki tena, geuza pini kama ilivyokuwa na uifunge. Mpangilio wa moto ni 1-2-4-3.

Jaza oili karibu lita 4.7. Zungusha injini bila moto mara kadhaa ili oili ipande hadi chemba ya valvu. Washa ukiwa umepandisha leva ya moto, kisha uishushe injini ikishakamata. Weka mpini wa bisibisi ndefu sikioni na ncha kwenye kifuniko cha gia. Mvumo laini ni sawa. Mlio wa kugonga unaorudiarudia kwenye mwendo wa chini unaopotea ukiongeza petroli unamaanisha mwanya umezidi au springi ya kijipini haifanyi kazi. Mlio mkali unaopanda pamoja na mwendo ni gia iliyobanwa: zima hapohapo.

Mwaga oili ya kwanza baada ya kilomita 300 hivi, uipitishe kwenye kitambaa cheupe. Nyuzi chache za rangi ya kahawia zilizobaki kutoka gia ya zamani ni kawaida. Unga mpya unaong'aa kama chuma, au vipande vyenye umbo la jino, vinamaanisha kifuniko kinafunguliwa tena kabla gari halijarudi barabarani.